Sheri kavu iliyolala chupani

Leo sina siasa, sina bei ya mafuta, wala sina mpira. Nataka kuzungumzia kinywaji ambacho wengi wenu mmekwisha kukiona dukani bila kukitilia maanani, kwenye rafu ya juu kabisa, nyuma ya wiski, kikiwa na vumbi mabegani: sheri. Na si sheri yoyote, bali ile kavu, isiyo na sukari. Tena katika hiyo kavu, nataka ile iliyotiwa chupani, ikazibwa, kisha ikaachwa ilale miaka kumi, ishirini, au zaidi.

Wale ambao dini zao au madaktari wao wamewakataza kileo nawaomba radhi mapema. Nisikilizeni kama mnavyosikiliza habari za theluji ya Ulaya: si lazima mtu aikanyage ndipo ajue ilivyo.

Ukiwauliza wauzaji jibu ni moja. Sheri kavu nyepesi, zile ziitwazo fino na manzanilla, zinywewe mapema, ikiwezekana ndani ya mwaka mmoja tangu zitiwe chupani, na chupa ikishafunguliwa imalizwe ndani ya wiki. Vitabu vingi vinasema hivyo hivyo. Lakini wapo watu, na baadhi yao ni wenyeji wa huko huko inakotengenezwa, ambao huzificha chupa hizo hizo chini ya ngazi na nyuma ya makabati, wakazifungua kwa heshima wakati ambapo kitabu kinasema zimekwisha kufa na kuzikwa. Nani anasema kweli? Mwaka huu nimepata barua ya msikilizaji mmoja ambayo inataka jibu, na jibu lenyewe lina fedha ndani yake. Nitaifikia. Kwanza tujue tunazungumzia nini.

Sheri ni mvinyo wa zabibu nyeupe unaotoka pembe moja ndogo ya kusini mwa Hispania, mkoa wa Cádiz, hasa katika miji mitatu: Jerez de la Frontera, El Puerto de Santa María na Sanlúcar de Barrameda. Jina lenyewe ni Kiarabu kilichopinda njiani. Waislamu waliutawala mji wa Jerez tangu karne ya 8 hadi mwaka 1264, nao wakauita Sherish. Wahispania wakatamka Jerez, kwa ile kh ya kooni. Waingereza wakashikilia matamshi ya zamani, wakasema sherris, na mwisho wake ndio sheri. Hata Shakespeare, katika sehemu ya pili ya mchezo wa Henry IV, alimpa yule mnene wake Falstaff hotuba nzima ya kukisifu kinywaji hiki. Inasimuliwa pia kwamba mwaka 966 khalifa wa Córdoba, Al-Hakam wa Pili, aliamuru mizabibu ya huko ing'olewe kwa sababu za dini, na watu wa Sherish wakamjibu kwa unyenyekevu kwamba zabibu zao hukaushwa ili kuwalisha askari wa jihadi. Ikang'olewa theluthi moja tu. Sina shaka kwamba baadhi ya zabibu hizo zilikaushwa kweli.

Udongo wa huko ni mweupe kama chokaa, nao hunywa mvua za kipupwe ukazitunza mpaka kiangazi, wakati jua linapowaka miezi kadhaa bila tone. Zabibu inayopandwa humo huitwa Palomino, na peke yake haina maneno mengi: ukiila ni tamu ya kawaida, ukikamua mvinyo wake wa kwanza hauna la kukushangaza. Maajabu huanza baada ya hapo.

Maji ya zabibu yakishachacha, huongezwa pombe kali itokanayo na zabibu mpaka nguvu yake ifike asilimia 15 hivi. Kisha mvinyo hutiwa katika pipa la mwaloni wa Marekani lenye kuchukua lita 600 hivi, lakini halijazwi; nafasi kiasi cha moja ya sita huachwa wazi kwa hewa. Juu ya mvinyo huota utando mweupe wa chachu, mfano wa ule utando wa maziwa yaliyochemshwa yakapoa, ila huu ni hai. Mtu wa kwetu angeuona angedhani mvinyo umeharibika, akaukoroga au akaumwaga. Wao huuita flor, yaani ua. Ua hilo hula sukari yote iliyosalia, hula na ile glisarini inayoupa mvinyo ulaini, na wakati huo huo huufunika mvinyo usiguswe na hewa. Kwa hiyo fino ni kavu kuliko karibu mvinyo mwingine wowote utakaoukuta, na ina harufu ambayo huipati kwingine: unga wa mkate uliochachuka, tofaa bichi, lozi, na kitu kama upepo wa pwani wakati wa maji kupwa. Manzanilla ni ndugu yake fino, ila ni lazima ikulie Sanlúcar, mdomoni mwa mto Guadalquivir.

Pombe ikiongezwa mpaka asilimia 17 au zaidi, ua haliwezi kuishi. Hewa huingia, mvinyo hugeuka rangi ya kahawia, na hiyo ndiyo oloroso. Katikati yao yupo amontillado: alianza maisha chini ya ua, miaka kadhaa ikapita, ua likafa, akamalizia maisha yake hewani. Edgar Allan Poe alimfanyia hadithi ya kutisha mwaka 1846. Hawa wote kwa asili yao ni wakavu. Ile sheri tamu, nzito, ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyopelekwa kwa wingi Uingereza, ni mchanganyiko na mvinyo mtamu, na si habari yetu leo.

Sasa sikilizeni jambo hili kwa makini, maana wengi hulichanganya. Mapipani, sheri haina mwaka wake. Mapipa hupangwa safu safu. Safu ya chini kabisa ina mvinyo mkongwe, na humo ndimo wanamochota wa kutia chupani, tena kiasi tu, si zaidi ya theluthi moja kwa mara. Pengo hujazwa kwa mvinyo wa safu inayofuata, nayo hujazwa kutoka safu ya juu yake, mpaka kufikia mvinyo mchanga. Bibi zetu wafugaji wanaielewa elimu hii bila kwenda Hispania: kibuyu cha maziwa ya mgando hakikaushwi kabisa, hubakizwa kidogo ili yale ya zamani yayafundishe mapya. Ndiyo maana ukiona chupa ya sheri imeandikwa miaka 20 au 30, alama ambazo bodi ya mvinyo wa Jerez ilianza kuzitoa mwaka 2000, ujue hiyo ni miaka ya mapipani, na ni wastani. Haihusiani na muda ambao chupa imekaa rafuni.

Basi sheri inaweza kuzeeka mara mbili. Uzee wa pipani unasimamiwa na mafundi, kwenye maghala yenye mapaa marefu na madirisha ya juu yanayopokea upepo wa bahari, na sakafu ya mchanga inayonyunyizwa maji kiangazi. Uzee wa chupani hausimamiwi na mtu. Kabla ya kuzibwa, fino ya kawaida huchujwa mpaka ikang'aa, chachu yote ikabaki nyuma. Ua halipo tena. Mlinzi ameondoka zamu, na ndiyo sababu watengenezaji wanatuhimiza tunywe haraka.

Sisi watu wa pwani hoja hiyo tunaielewa upesi. Tembo la mnazi lililogemwa alfajiri ni tamu, jioni ni kali, na keshokutwa ni siki. Lakini sheri si tembo. Haina sukari ya kuendelea kuchachuka, ina pombe ya kutosha kuwazuia wadudu wengi wa uchachu, na kizibo kikiwa kizima hewa inayoingia ni kidogo sana. Kwa hiyo haikimbilii kuwa siki. Inatembea polepole kuelekea mahali pengine, na ugomvi wote ni kama mahali hapo panafaa kufikiwa.

Mimi nilipaonja mwaka juzi mjini Sanlúcar, wakati wa likizo niliyoilipia kwa fedha zangu mwenyewe (nalisema hili mapema kabla barua hazijaanza kumiminika). Sanlúcar ndiyo bandari aliyotoka Magellan mwaka 1519 katika safari iliyokuja kuizunguka dunia. Siku hizi ni mji wa wavuvi, kamba wazuri, na vilabu vidogo vya mvinyo ambamo wazee hubishana juu ya mpira kama wanavyobishana Kariakoo juu ya bao. Katika kilabu kimoja, mwenye duka alipoambiwa na mkalimani wangu kwamba nimetoka Afrika Mashariki na nina maswali, alifuta meza, akaweka bilauri tatu ndogo zenye mdomo mwembamba, na akatia katika kila moja kiasi cha theluthi, hakuzidisha. Zote tatu zilikuwa manzanilla ya ghala moja.

Ya kwanza ilitiwa chupani masika ya mwaka ule ule. Rangi yake ilikuwa ya nyasi kavu zilizofifia, karibu maji. Ilinusa unga wa mkate na tofaa, na ilipogusa ulimi ilichoma kwa uchangamfu, ikaacha chumvi na uchungu mdogo kama wa ganda la lozi. Ni kinywaji cha jua kali na samaki wa kukaanga, na mtu akiniambia kwamba hataki nyingine yoyote maishani sitamtilia ubishi.

Ya pili ilikuwa imelala chupani miaka kumi. Rangi ilikuwa imekolea, dhahabu ya pete ya zamani. Unga wa mkate ulikuwa umejificha. Mahali pake palikuwa na harufu ya majani makavu, nta, na korosho zilizokaangwa. Mdomoni ilikuwa bado kavu, kavu kabisa, lakini ile miiba ilikuwa imelala. Nilitafuta sukari nikaikosa, na hata hivyo kulikuwa na kitu kama kumbukumbu ya asali, harufu bila utamu wake. Nikatoa mfukoni korosho za Mtwara nilizokuwa nimebeba kwa zawadi. Mzee akala moja, akanywa, akala ya pili, akavuta sahani upande wake.

Chupa ya tatu ilikuwa na karatasi ya bei iliyoandikwa kwa peseta, fedha ambazo Hispania iliziacha mwaka 2002. Yeye mwenyewe aliinunua pamoja na nyingine kadhaa kutoka duka la vyakula lililokuwa linafungwa, na alikadiria kwamba ilizibwa mwishoni mwa miaka ya 1980. Tulipoinusa kwanza haikuwa nzuri. Ilikuwa na harufu ya sanduku la nguo lililofungwa muda mrefu. Nikamtazama mzee, akaniashiria kwa kiganja ningoje. Tukala kamba, tukazungumza, ikapita nusu saa. Nilipoirudia, harufu ya sanduku ilikuwa imeondoka. Palikuwa na uyoga, ngozi ya viatu vipya, ganda la chungwa lililokaushwa, na chini yake ile ile chumvi ya bilauri ya kwanza, kana kwamba mtu uliyemjua akiwa kijana amekuja kwako na mvi lakini kwa kicheko kile kile. Nilimeza, nikaangalia saa ya ukutani: ladha ilikaa mdomoni zaidi ya dakika moja. Ile changa ilikuwa imeondoka kabla sijaiweka bilauri mezani.

Hapo ndipo ningeweza kuwaambia kwamba wauzaji wanatudanganya, na kipindi kikaishia hapo. Lakini mzee yule alifungua na chupa ya nne, ya umri ule ule kama ya tatu, kutoka duka lile lile. Ilinusa kabichi iliyochemshwa na karatasi iliyolowa. Tulingoja nusu saa, tukangoja saa nzima. Kabichi ikabaki kabichi. Akaimimina kwenye ndoo bila kusikitika. Nilipoona anavyoimwaga ndipo nilipomwamini juu ya zile tatu. Mtu anayesifu kila chupa kwa sababu ni kuukuu si mjuzi, ni muuza vitu vya kale.

Maoni yangu, basi, ni haya. Kanuni ya wauzaji ni ya haki kwa chupa nyingi zilizopo madukani. Fino ya kawaida ya siku hizi huchujwa sana ili iwe nyeupe na isibadilike, nguvu yake ni asilimia 15 hivi, na ikikaa rafuni chini ya taa ya duka lenye joto inachoka tu, haizeeki. Kuchoka na kuzeeka ni mambo mawili. Zinazozeeka vizuri ni zile zilizoingia chupani zikiwa tayari na umri na mwili, zilizoachwa miaka mingi zaidi mapipani na zikachujwa kidogo. Fino za zamani zilizokuwa zikipelekwa nje, zenye nguvu karibu asilimia 17, zilikuwa na uwezo huo. Na siku hizi mambo yamerudi kwa njia nyingine: kampuni ya Barbadillo ilianza mwaka 1999 kuuza manzanilla iliyotolewa pipani karibu bila kuchujwa, González Byass wakafanya hivyo kwa fino yao ya Tío Pepe mwaka 2010, na tangu mwaka 2005 lipo kundi dogo liitwalo Equipo Navazos ambalo huchagua mapipa machache, huandika kwenye kila chupa ilitiwa lini, na halioni aibu kuwaambia wanunuzi wake waweke nyingine kabatini.

Hilo la kuandika tarehe ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Kwa miaka mingi chupa ya sheri haikukwambia ilizibwa lini, kwa sababu iliaminika kwamba haina umuhimu. Mnunuzi wa London aliweza kuuziwa fino iliyochakaa, akainywa, akadhani ndivyo ilivyo, asiirudie tena. Na akishaifungua aliimimina katika chupa ya kioo ya mapambo, ikakaa juu ya kabati toka Krismasi hadi Pasaka. Kwa hiyo ile amri ya kunywa upesi ilikuwa dawa ya ugonjwa halisi. Ila Waingereza wa kizazi cha nyuma zaidi walikuwa na wachuuzi walioiweka sheri yao kavu chupani makusudi miaka mingi, wakaiuza kwa bei ya juu kwa ajili ya huo umri. Elimu hiyo ilisahauliwa wakati biashara ilipopanuka mno katika miaka ya 1970, ubora ukashuka, kisha soko likaanguka na watu wakahamia mvinyo mwingine.

Nije sasa kwenye barua. Imeandikwa na mama mmoja wa Tanga, na kwa ruhusa yake nasoma yaliyomo bila kulitaja jina. Marehemu mume wake alikuwa baharia. Mwaka 1979 alirudi na chupa moja kutoka bandari ya Cádiz, akaiweka kwenye kabati la vyombo, akasema itafunguliwa siku mtoto wa mwisho atakapomaliza shule. Aliaga dunia kabla ya siku hiyo. Mtoto huyo leo ni mwalimu na ana watoto wake, na chupa bado ipo kabatini, imesimama wima. Sasa mjukuu ameona kwenye mtandao kwamba mvinyo wa zamani unauzwa kwa mamilioni. Akatokea na bwana mmoja anayetaka kuinunua kwa shilingi laki moja na nusu, na akamsihi mama asimwonyeshe mtu mwingine. Mama anauliza: auze, amwage, au aiache ilivyo? Kwa adabu ya watu wa Tanga ameongeza kwamba yeye mwenyewe hanywi, ila hapendi kitu cha mume wake kitoke nyumbani kwa ujinga.

Mama, shikamoo. Umefanya jambo la busara kuniandikia yaliyoandikwa kwenye lebo, herufi kwa herufi. Chupa yako ni amontillado, nayo imeandikwa kuwa ni kavu. Hiyo ni habari njema, kwa sababu amontillado amekwisha kuzoea hewa tangu pipani, na chupani huvumilia miaka kuliko fino. Habari mbaya ni Tanga yenyewe. Zaidi ya miaka arobaini ya joto la pwani, katika kabati lisilo na ubaridi, ni mtihani ambao chupa za kule Sanlúcar hazikuupitia.

Kuhusu fedha, nasema waziwazi. Mamilioni aliyoyaona mjukuu wako ni ya mvinyo mwingine kabisa, au ya chupa chache za sheri zenye historia inayojulikana, zilizotunzwa kwenye maghala ya baridi. Mnunuzi wa Ulaya akisikia kabati la Tanga hatafungua mkoba wake. Kwa hiyo sidhani kwamba umekalia hazina. Lakini mtu anayekuomba usimwonyeshe mwingine ama amejidanganya ama anataka kukudanganya, na kwa vyovyote vile hiyo si namna ya kufanya biashara na mjane. Mwambie hapana.

Wala usimwage. Kwa maoni yangu chupa hiyo ifunguliwe, siku watoto watakapokusanyika, na wale wanaokunywa waionje mbele yako. Alivyosema marehemu ni kwamba ifunguliwe mtoto amalizapo shule, na mtoto amemaliza. Hakusema iuzwe.

Namna ya kuifungua ni hii, na wengine wenye chupa kama hiyo wanaweza kufuata.

Kwanza itazameni dhidi ya mwanga. Mvinyo ukiwa umefika shingoni au mwanzo wa bega, kuna matumaini. Ukiwa umeshuka hadi katikati ya chupa, hewa imeingia sana. Amontillado awe na rangi ya kaharabu au kahawia inayong'aa. Mashapo chini si kitu cha kuogopa. Ukungu unaoelea katika mvinyo wote ni dalili mbaya. Halafu angalieni kizibo kama hakijaguswa. Nyumba za mabaharia nazijua. Chupa nzuri hupata kazi ya pili ya kuhifadhi mafuta ya taa au dawa. Kama kizibo kimewahi kufunguliwa na hamjui na nani, msionje hata tone.

Chupa isimame siku mbili bila kutikiswa, na siku moja kabla iwekwe sehemu ya chini ya jokofu. Msiipoze kama soda. Itoeni saa moja hivi kabla ya kuonja, iwe baridi ya maji ya mtungi. Chupa nyingi za sheri za wakati ule zilikuwa na kizibo kifupi chenye kofia, na gome lake hukauka likakatika mkononi. Zungusheni taratibu, msivute kwa nguvu. Kikivunjika kikadumbukia ndani, chujeni kwa kitambaa safi kisicho na harufu ya sabuni. Midomo ya chupa ipanguswe, maana huwa na uchafu wa miaka.

Mimineni kidogo tu, katika bilauri ndogo, na mnuse kabla ya mtu yeyote kusema neno. Harufu ya kwanza msiihukumu. Ipeni nusu saa, na kama bado imejifunga, acheni chupa wazi mpaka jioni; amontillado wa zamani huweza kuamka baada ya saa nyingi, hata siku ya pili huwa bora kuliko ya kwanza. Mkipata korosho zilizokaangwa, ganda la chungwa, mbao za sanduku la zamani, na ukavu unaowafanya mmeze mate, ipo hai. Msiitarajie kuwa tamu. Wengi wa kwetu husikia neno mvinyo wakategemea utamu, wakakunja uso kwa sababu hiyo tu. Kunyweni pamoja na korosho, au supu ya pweza, mkienda kwa vijiko badala ya mafunda.

Itakayobaki, zibeni, irudi jokofuni. Amontillado hustahimili wiki kadhaa, wakati fino ingekuwa imekwisha baada ya siku chache. Na mkikuta imepoa, haina harufu, haina uchungu wala uzuri, lakini haijaoza, mama usikubali waimwage. Kijiko kimoja katika mchuzi wa kamba, kitiwe mwishoni kabla ya kuepua, kinafanya kazi ambayo siki ya dukani haiwezi, na kwa mapishi hayo chupa hiyo itakutosha mpaka Pasaka.